Mwezi wa Mtu Mmoja

Ungetaka kumjua Famau wa Pate, ungeanza na miguu yake. Asubuhi ilikuwa imezungushiwa vile vitambaa vya kiaskari, kutoka kifundoni mpaka chini ya goti, vimekazwa hata damu inalalamika. Alasiri alivifungua, akaosha miguu kwa maji ya bahari, akafunga kikoi juu ya kaptura ya serikali, akavaa kanzu na kofia, akavuka maji kwenda Langoni, mtaa wa mji wa Amu, kusoma. Lakini alama za vitambaa hazikuoshwa na maji. Zilibaki pale kwenye muundi, mistari mistari, na kila aliyekaa karibu naye darsani aliziona. Na watu wa darsa, tuseme kweli, hawakuwa na haya ya kuzitazama.

Ulikuwa mwaka 1914, na Famau alikuwa amekwisha kupita thelathini ya umri wake. Alikuwa askari wa serikali, na kikosi chake kidogo kiliwekwa kisiwani Manda kuangalia majahazi yanayopitisha bunduki kwenda kaskazini. Tena alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Mahmud, na si mwanafunzi wa alifu na bee, la. Alikuwa akisoma kile kitabu kikubwa cha fiqhi ambacho wengi hukianza na wachache hukimaliza. Ukikimaliza, ukakisoma chote kwa mdomo wako mbele ya mwalimu, neno kwa neno, naye akakisikia chote kwa masikio yake, hapo ndipo hukupa ijaza mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo una ruhusa ya kukaa na kufundisha wengine, kama yeye alivyoruhusiwa na mwalimu wake, na huyo na wake, nyuma kabisa huko. Mlango mmoja usiposikiwa, hakuna ijaza. Kusoma peke yako chumbani mpaka macho yatoke hakuhesabiki.

Kwa nini basi mtu wa elimu akaingia uaskari? Waulizeni waliokuwa Pate miaka ile ya ukame. Baba yake Famau alikuwa akifundisha katika msikiti mdogo wa mtaa wao, akafa, na shamba likafa nyuma yake. Mama yake, Bi Mwanamkisi, alibaki akichemsha majani. Serikali ilitafuta vijana, ikaahidi kwamba wa visiwani watawekwa visiwani, na Famau akaona ndiyo njia ya kumlisha mama na kubaki karibu na Langoni. Msikiti wa baba yake ulikuwa mtupu tangu alipokufa. Watoto wa mtaa walikua kama mbuzi. Watu wa Pate walikuwa wamemwambia wazi: njoo na ijaza, tutakupa mahali pa baba yako, ukija na kaptura tupu, baki na wazungu wako. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, hakuwa na jingine.

Sasa huku hakumo, na huku hakumo. Kule kambini Manda wenzake walikuwa watu wa bara na watu wa mbali zaidi. Walimwita Shekhe kwa kumcheka, na wakiimba nyimbo zao jioni hakujua hata neno moja. Huku Langoni, Kamaludin, kijana wa nyumba kubwa za mawe mwenye kanzu isiyojua vumbi, alikuwa akivuta mkeka wake kidogo kila Famau akija kukaa. Kidogo tu, kiasi cha shubiri. Na siku moja alisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba si vizuri kusoma mlango wa kusitiri mwili mbele ya mtu anayeshinda mapaja wazi. Wakacheka. Mwalimu Mahmud aligonga kitabu kwa kidole akasema tuendelee, na Famau akaendelea.

Mwalimu alikuwa mtu mwema, nalisema hilo kabla sijafika mahali ambapo mtamchukia. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kikohozi na subira, na katika mji mzima ndiye pekee aliyemwita Famau kwa jina lake. Lakini alikuwa mwoga wa watu. Wazee wa mtaa walikuwa wamemwendea barazani kwake wakamwambia kwamba darsa yenye askari wa wazungu ndani itakuja kubakia na huyo askari peke yake. Mwalimu hakumfukuza Famau. Hakuwajibu wale wazee pia.

Mwezi wa Shaabani ulipofika mwisho, kitabu kilikuwa kimebakisha mlango mmoja tu. Wakapatana kwamba Famau atausoma katika siku za mwanzo za Ramadhani, na ijaza itatolewa palepale msikitini, baada ya sala ya alasiri, watu wakiwa wengi. Famau alimpelekea mama yake salamu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na wa kumgawia, maana nani kambini angeelewa?

Jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Shaabani alikuwa zamu. Kituo chao kilikuwa jukwaa la miti juu ya kilima cha mchanga, na chini yake mwenzake, Barka, alikuwa amepiga magoti akipuliza moto chini ya sufuria. Barka alizaliwa mashambani upande wa bara, mama yake alikuwa mtumwa wa watu wa Amu, na alikuwa hodari wa mambo mawili: kupika na kulewa. Upepo wa kusi ulikuwa umejaza mbingu mawingu, mazito, ya kijivu, kutoka juu mpaka kule kwenye vichuguu vya mchanga nyuma ya mji. Famau alijua kwamba Amu yote wakati huo iko juu ya mapaa, watu wametoa shingo, na hawaoni kitu.

Jua likazama. Na chini kabisa ya mawingu, pale yanapokaribia kugusa ardhi, pakabaki ufa mwembamba. Katika ufa ule Famau akauona mwezi. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala, pembe zake zimeelekea kusini kidogo. Aliutazama kwa muda wa mtu kusoma Fatiha, kisha wingu likaufunika. Barka alikuwa bado anapuliza moto, mgongo wake umeelekea magharibi.

"Barka, njoo ushike zamu yangu," Famau alisema akishuka. "Nimeuona mwezi. Nina haja ya kuvuka."

"Wavuka kwenda kufanya nini?"

"Kushuhudia. Mwezi wa Ramadhani unatosha kwa shahidi mmoja, na shahidi ni mimi. Nikinyamaza, mji mzima utakula kesho."

Barka aliacha moto akasimama. "Na ofisa akija akuulize, nimwambieje?"

"Mwambie nimekwenda kusema kweli."

"Huyo hataki kweli, huyo ataka askari," Barka alisema, lakini alikwisha kushika bunduki.

Famau alijua anaiacha zamu, na alijua adhabu yake. Alipiga kasia mtumbwini na kaptura yake, kikoi kimelowa begani, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Mtu aliyejua kitabu chote, isipokuwa mlango mmoja, alijua pia kwamba ushahidi haupokelewi bure bure. Shahidi huulizwa, halafu hutafutwa mtu wa kusema kwamba shahidi ni mwadilifu. Hilo halikumtia hofu. Mwalimu wake atakuwepo.

Alikuwepo. Walikuwepo wote, kwenye baraza ya msikiti, taa mbili zimewashwa, na katikati amekaa Shekhe Bwanamkuu, mzee aliyekuwa akitangaza mwezi mtaani. Famau alifunga kikoi haraka, akatoa salamu, akasema alichokiona. Bwanamkuu alimwuliza vizuri, bila dharau. Ulikuwa upande gani wa mahali pa kuzama jua? Pembe zimeelekea wapi? Ulikaa muda gani? Famau alijibu yote, na kila jibu lilikuwa sawa.

"Umeuona kwa mato yako," Kamaludin aliuliza kutoka nyuma, "au kwa darubini ya mzungu?"

"Kwa mato yangu. Darubini hukaa kwa ofisa."

Bwanamkuu akatikisa kichwa, akawageukia watu. "Maneno yake ni ya mtu aliyeona. Sasa nataka mtu wa kuniambia kwamba huyu ni mwadilifu, neno lake lachukuliwa. Mimi simjui. Nani amjua?"

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu Mahmud. Hata cha Kamaludin. Hakuulizwa jambo kubwa, jamani. Hakuambiwa aape, hakuambiwa aseme kwamba ameuona yeye. Aliulizwa neno moja juu ya mtu aliyekaa mbele yake miaka, aliyemsomea kitabu kizima, ambaye hakupata kumsikia akisema uongo. Mwalimu alikuwa na tasbihi mkononi. Akaitazama. Akasukuma punje moja, kisha nyingine. Akakohoa, na watu wakafikiri anaanza kusema, lakini kilikuwa kikohozi tu.

Bwanamkuu alingoja kuliko ilivyokuwa lazima. "Basi," alisema mwishowe, "kesho ni thelathini ya Shaabani. Watu wasifunge." Akamgeukia Famau, na sauti yake ikashuka. "Nawe lako walijua."

"Nalijua, Shekhe," Famau alisema. Hukumu yake alikuwa ameisoma palepale Langoni, mbele ya mzee yule anayesukuma tasbihi. Aliyeuona mwezi mwenyewe akakataliwa, mwezi wake unamlazimu yeye. Atafunga watu wakila. Na thelathini zake zikitimia, atakula watu wamefunga, tena atakula kwa siri ili watu wasimtilie mashaka.

Aliporudi Manda ofisa alikuwa ameshafika kituoni. Kelele nyingi zilisemwa kwa lugha ambayo Famau hakuijua, na chache kwa Kiswahili ambacho angependa asingekijua. Hakupigwa. Alikatazwa kuvuka. Mpaka itolewe amri nyingine, askari Famau hatoki kisiwani.

Ndipo alipokaa chini kwenye mchanga akaelewa hasara yake yote. Mlango mmoja ulikuwa umebaki, na mwalimu yuko ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kumwita, na hawezi kumfikia. Na hata angemfikia, mtu ambaye neno lake limekataliwa juu ya mwezi, nani atapokea neno lake juu ya dini? Ijaza ilikuwa imemponyoka mara mbili katika jioni moja. Alilia, na hakuona aibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu.

Siku ya pili akafunga. Barka alitumwa mjini na mashua ya posho, akarudi na mchele, samaki na habari. Watu wanakula, alisema, mitaa yanukia mahamri. Alimpitia pia Mwalimu wa Langoni kumpa salamu za Famau.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilimkuta barazani na wenzake, wote wana vikombe vya kahawa, yeye hana. Ati tumbo lamsumbua." Barka akapakua wali wake. "Wewe hakika huli?"

"Hakika."

"Haya. Nitakula na lako."

Famau hakulitia maanani lile la kahawa. Alikuwa na hasira na yule mzee, hasira ya mtoto kwa baba, na tumbo lake halikumshughulisha.

Mji ulifunga kesho yake, na kuanzia hapo ikawa kama Famau amewatangulia watu wote kwa hatua moja katika njia iliyokuwa na yeye peke yake. Wao walipokuwa katika kumi, yeye yuko kumi na moja. Kila baada ya isha aliziona taa za misikiti ng'ambo ya maji, na alijua kwamba watu wamepanga safu, bega kwa bega, na Kamaludin yuko safu ya mbele na kanzu yake. Yeye alisimama tarawehe mchangani, peke yake, na bunduki imeegemezwa mtini karibu. Upweke ule ulimuuma kuliko njaa. Njaa ilikuwa na mwisho kila magharibi.

Alichofanya ni kuuhifadhi ule mlango wa mwisho. Alikuwa ameunakili kitambo, akaanza kuukariri wakati wa zamu, akienda na kurudi jukwaani, mpaka akawa anausema usingizini. Kwa nini, ikiwa hakuna wa kuusikia? Mlango wenyewe unahusu kuwaacha watumwa huru, na siku moja Barka, aliyekuwa amelala chali kivulini, alimwuliza maneno yale yasemaje. Famau akamweleza. Barka alisikiliza mpaka mwisho.

"Mamangu aliachwa huru na serikali," alisema. "Kabla ya hapo bwana wake alikuwa na kitabu hicho hicho nyumbani. Hakuufikia mlango wa mwisho, nafikiri."

Famau alirudi kukariri kwa sauti ya chini zaidi.

Katikati ya Ramadhani ikaja habari ya vita. Wazungu walikuwa wamegombana kwao, na ugomvi ukaja mpaka huku, kana kwamba huku kulikuwa na mtu aliyewauliza. Ikatolewa amri: kikosi cha Manda kitapakiwa melini kwenda Mombasa, na kutoka huko kila mtu alijua anapelekwa vitani. Ahadi ya visiwani ilikuwa imekwisha. Meli itaondoka asubuhi, siku ambayo kwa hesabu ya mji ingekuwa ama Idi ama thelathini ya Ramadhani.

Jioni ya mwisho Famau alitazama magharibi, ingawa hakuwa na haja, thelathini zake zilikuwa zimetimia. Mawingu matupu, bila ufa. Ng'ambo hapakusikika shangwe. Mji haukuona, basi mji utafunga kesho, na kesho kwa Famau ni Idi.

Alfajiri aliamka kabla ya wenzake, akajitia maji, akavaa nguo safi za kiaskari maana kanzu ilikuwa imefungwa mzigoni. Akasema takbira midomoni tu, asisikiwe. Akaenda nyuma ya pipa la maji akala tende moja, akijificha kama mwizi. Alikumbuka Idi za Pate, baba yake akimshika mkono, mama akimpaka manukato. Jua lilipochomoza akaisali Idi yake hapo, mtu mmoja, imamu na maamuma yeye mwenyewe. Alipotoa salamu kulia na kushoto akamwona Barka amesimama anamtazama.

"Shekhe," Barka alisema, "umeshindwa siku ya mwisho? Hata mimi mlevi nimeifunga hii."

Famau alifuta mdomo, hakumweleza. Sheria ilisema kwa siri.

Wakavushwa mpaka gatini Amu, wakapangwa mstari na mizigo yao, wakisubiri mashua ya kuwapeleka melini. Watu walikuwa wengi, wamekuja kutazama askari wanaokwenda vitani, midomo imekauka kwa funga ya siku ya mwisho. Bwanamkuu alikuwepo. Kamaludin na wanafunzi wenzake walikuwepo. Famau aliinamisha kichwa ili asijue nani anamtazama.

Ghafla watu wakapisha. Mwalimu Mahmud alikuwa anakuja, fimbo mkononi, anakohoa, na wanafunzi wawili wamemshika viwiko, wanamwambia kitu ambacho hakisikilizi. Alikuja mpaka mbele ya mstari, akasimama mbele ya Famau. Alikuwa amekonda. Sajini alifungua kinywa kumfukuza, akaona ndevu zile nyeupe, akakifunga.

"Famau," alisema. "Mlango wa mwisho, umeuhifadhi?"

"Nimeuhifadhi, Mwalimu."

"Usome. Nakusikiliza."

Hapo, na kaptura yake, na vitambaa vyake miguuni, na bunduki begani, Famau akasoma. Hakuna aliyecheka. Mzee aliinamisha sikio moja kama alivyofanya siku zote, na mahali pamoja alinyanyua kidole, Famau akarudia neno, kidole kikashuka. Mashua ilikuwa imekwisha kufunga kamba chini yao alipofika kwenye neno la mwisho la kitabu.

"Nimesikia," Mwalimu alisema, na akainua sauti kwa watu. "Enyi mliopo, shuhudieni. Amenisomea kitabu chote, nimekisikia chote. Nimempa ijaza afundishe popote penye nti ya Mwenyezi Mngu, kama mwalimu wangu alivyonipa mimi."

Kamaludin alisogea mbele. Alikuwa na adabu, wala simnyimi haki yake, alisema jambo ambalo mwanafunzi yeyote mzuri angelisema. "Mwalimu, niwie radhi. Ushahidi wa mtu huyu ulikataliwa mbele yetu. Neno lake halikupokelewa juu ya mwezi. Vipi litapokelewa juu ya dini?"

Famau aliiona hofu ile ya zamani ikipita usoni mwa mzee. Alimwona akilitazama kundi la watu, mmoja mmoja, watu aliosali mbele yao na kuwaozesha na kuwazikia wazee wao. Akajua kwamba sasa atanyamaza tena.

"Umeuliza vyema," Mwalimu alisema. "Ushahidi wake ulikataliwa kwa kuwa mimi nilinyamaza. Niliulizwa neno nililokuwa nalijua, nikawaogopa nyinyi. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, Bi Radhiya, asipike cha mchana kesho, kwa kuwa mato ya Famau nayaamini kuliko yangu. Nimefunga naye tangu siku ile. Thelathini zangu zilitimia yana."

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa tende. Akasema bismillahi kwa sauti, katika mwangaza wa jua, mchana wa Ramadhani wa mji wa Amu, akaila. Hakuila haraka. Alitafuna mpaka ikaisha, akatoa kokwa, akaishika kiganjani.

Mtu mmoja alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo, na wale wawili waliokuwa wamemshika mzee viwiko wakamwachia. Wakarudi nyuma hatua moja, na walio nyuma yao wakarudi, na pakatokea uwanja mtupu pale gatini, mkubwa kuliko ule wa mkeka wa Kamaludin, na katikati yake amesimama mzee na kokwa yake. Bwanamkuu alikuwa akitazama chini. Kitabu kilimtaka mzee ale kwa siri, naye hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale.

Famau alitaka kumbusu mkono. Alitoka kwenye mstari, na sajini akamshika ukosi.

"Nenda," Mwalimu alimwambia. "Asije akakupiga bure siku ya Idi."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumtajia Idi. Famau alishuka mashuani macho yamejaa machozi, akakaa kwenye ubao wa nyuma, akageukia mjini. Makasia yakaanza kuvuta. Aliyatazama mapaa ya Langoni, na msikiti, na watu waliokuwa wakitawanyika kwa vikundi vikundi, wakizungumza. Hakuna kikundi kilichompitia yule mzee. Alibaki pale pale, mdogo, fimbo mbele yake, na hakuna aliyemshika mkono kumrudisha nyumbani. Famau aliujua upweke ule. Aliujua kila pembe yake, alikuwa ameuishi mwezi mzima, na sasa alikuwa amemwachia mtu mwingine.

Alitia mkono katika mkoba wa posho, akatoa biskuti ya serikali, ngumu, akaivunja kwenye ubao. Barka alimtazama.

"Huendi tena nyuma ya pipa?"

Famau alitikisa kichwa. Alisimama katika mashua, ijapokuwa sajini alimwambia akae, akaunyanyua mkono wenye biskuti juu ili uonekane kutoka gatini, akasema bismillahi, akala.